Kadi Iliyonuka Ulanzi

Tangu nirudi mnaniuliza kilichonipata huko Chunya, nami nawajibu "salama tu" na kuendelea kushona soli. Mnanijua. Watu wakizidi wawili, mdomo wangu unakuwa mzito. Basi nimenunua daftari, na kila siku kabla ya kufunga kibanda naandika kidogo. Imechukua wiki tatu. Someni, mcheke mkitaka, halafu msiniulize tena.

Kutoka Mlandege, Iringa

Dada yangu Anjela alimfuata mumewe machimboni, mbele kidogo ya Makongolosi, wakati mwanawe Upendo ana miezi saba. Waliondoka kwa pupa, lori la mizigo likiwapigia honi nje. Kadi ya kliniki ya Upendo ikabaki pale mama anapoweka vitu vyote vya maana, nyuma ya picha ya Bikira Maria ukutani.

Hakuna aliyeikumbuka hadi Jumatatu moja dada alipopiga simu huku analia. Mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake ametoka vipele, macho mekundu, anakohoa. Watu wanasema surua. Na Upendo, aliyebakiza mwezi mmoja kufikisha mwaka, alikuwa hajachanjwa surua. Chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na miezi tisa ilimkuta machimboni.

"Kwa nini hukumpeleka?" mama akapiga kelele. Mama anaamini simu ya mbali inahitaji sauti ya mbali.

"Bila kadi wanakusema, mama. Mbele za watu wote."

"Wamekusema?"

"Mimi bado. Wanawake wa bombani ndio wameniambia."

Huko kwao chanjo ya surua hutolewa Alhamisi tu. Mama alikata simu, akanitazama. Mimi nikatazama kiatu nilichoshika. Alipomaliza kunitazama safari ilikuwa imeshapangwa.

Asubuhi ya Jumanne alinipa bahasha yenye kadi, na dumu la lita tano la ulanzi, pombe ya mianzi iliyogemwa alfajiri ile, mtamu bado, kwa sababu dada alisema anauota.

"Kifuniko ulegeze," mama akasema.

Hilo hakuna mtu wa Iringa asiyelijua. Ulanzi mpya haulali, unachemka wenyewe, na usipouachia pumzi unaitafuta. Lakini nilipofika stendi nikaanza kufikiri. Kifuniko kikilegea, utanuka. Ukinuka, watu watageuka. Wakigeuka, watanitazama mimi. Nikaenda nyuma ya kibanda cha chipsi, nikakikaza kifuniko kwa nguvu zote za mikono ya fundi viatu. Kisha nikaliweka dumu kwenye mfuko mmoja na bahasha, ili niwe na kitu kimoja tu cha kulinda.

Iringa hadi Igawa

Nilikaa nyuma, karibu na mama mmoja mnene wa Uyole aliyekuwa anatoka kumsalimia binti yake. Kabla hatujafika Ifunda alishajua jina langu, kabila langu na kwamba sina mke. Yote hayo aliyajua kwa kuuliza na kujijibu.

Mpaka Mafinga tulikwenda vizuri, na baridi ilikuwa upande wangu. Pale Makambako nilikula mahindi mawili ya kuchoma, mama yule akala manne na kunisikitikia. Kisha barabara ikaanza kushuka kwenda Igawa, joto likapanda, watu wakavua makoti. Mfuko katikati ya miguu yangu ukaanza kutoa sauti kama mtu anayezuia chafya. Nikaubana kwa magoti.

Ukapiga chafya. Paa!

Kifuniko kiligonga dari, kikapotelea mbele. Mtu akapiga kelele, "Tairi!" Wengine wakapokea, "Tairi! Tairi!" Dereva akalivuta basi pembeni kwa ustadi mkubwa, na abiria wakatoka kama nyuki, wa kwanza akiwa yule aliyekuwa amelala tangu Iringa.

Tulibaki wawili. Mimi, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimejaa. Na mama wa Uyole, kwa sababu alikuwa ananusa.

"Kijana," akasema polepole, "matairi ya kwenu Iringa huwa yananuka pombe?"

Nikatazama dirishani. Nje, dereva alikuwa anapiga tairi moja moja kwa rungu na kulisikiliza. Konda alikuwa chini ya basi, miguu tu ndiyo inaonekana. Wanaume sita walikuwa wanabishana ni tairi la upande gani. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote tatu nikaufunga.

Walikagua nusu saa. Walipoanza kutoa jeki, mama wa Uyole alichoka kunisubiri, akatoa kichwa dirishani.

"Dereva! Rudi ndani, baba. Tairi lililopasuka limepakatwa huku na Mhehe!"

Sitaandika walivyocheka. Ninyi mmeshacheka, inatosha. Ila mwenzenu sikucheka, kwa sababu nilitoa bahasha ikiwa inachuruzika. Kadi ilikuwa imelowa yote. Wino wa jina umetanuka, Upendo kawa mnene.

Mama wa Uyole alininyang'anya kadi, akaitoa dirishani ipate upepo, na hapo akaanza kuisoma kwa sauti. "Kifua kikuu, amechomwa. Polio, amepewa. Hii nayo sawa." Kisha akaisogeza karibu na macho. "Surua hamna! Mwaka unakaribia, surua hamna!"

Basi zima likageuka.

"Baba gani wewe?" akauliza mzee wa kiti cha mbele. "Ulanzi unaubebea dumu, mtoto humpeleki kliniki?"

"Vijana wa siku hizi," akasema mwingine, "kuzaa wanajua."

Ningeweza kusema mimi ni mjomba tu. Neno moja, mjomba. Halikutoka. Nikabeba ubaba ule kutoka Igawa hadi Mbeya, na pale Chimala muuza vitumbua alinikataza kununua mpaka niahidi nitamchanjisha mwanangu. Niliahidi kwa kichwa.

Uyole

Kwa sababu ya ile nusu saa, gari la mwisho la Chunya lilikuwa limeshaondoka. Nilisimama barabarani na mfuko unaodondosha, nikahesabu siku kichwani. Jumanne inakwisha. Nikilala hapa nitafika Jumatano, na Alhamisi bado ipo. Gari jingine likiharibika, haipo.

"Unasimama nini kama nguzo?" mama wa Uyole akaniuliza. "Twende kwangu. Siwezi kumwacha baba mwenye majukumu alale stendi."

Hapo nilikuwa na mtu mmoja tu mbele yangu, nikaweza. Nikamwambia kwamba mimi ni mjomba, na kadi inakwenda kwa dada. Alisimama katikati ya njia akacheka mpaka khanga ikamlegea.

"Na ulinyamaza wakati wote wanakutukana?"

Alinilisha ndizi zilizopikwa na maharage, sahani ambayo wenyeji wa huko wanaiita ndogo na sisi tungeiita harusi. Kisha akatoa pasi ya mkaa, akaweka kadi chini ya kitambaa na kuinyoosha kama sketi ya shule. Ikanyooka kweli. Lakini moto wa pasi uliamsha harufu, na tangu hapo kadi ikawa inanuka kuliko dumu lenyewe.

"Nesi atakuuliza," akasema akinikabidhi. "Ujibu. Usimwachie mtu mwingine akujibie, mimi huko sitakuwepo."

Mbeya hadi Machimboni

Asubuhi ya Jumatano nikapanda kosta ya Chunya. Njia hiyo inapanda mlima kwanza, mawinguni kabisa, halafu inashuka upande wa pili kwenye joto na miti mikavu. Kadi niliishika kifuani ndani ya bahasha mpya, mikono miwili.

Pembeni yangu alikaa mchimbaji mmoja, meno mapana, jina lake Shija. Alitazama bahasha. Akanitazama mimi. Akatazama bahasha tena.

"Unaenda shimo gani, mdogo wangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Sawa, ni siri. Naelewa." Akasogea. "Hiyo karatasi ni ramani ya mwamba au leseni?"

Nikatikisa kichwa tena, nikaibana zaidi. Kwa mtu wa machimboni hilo ni jibu tosha. Shija akaninunulia soda. Tuliposimama Chunya akaniagizia wali na nyama, akawafukuza watu waliotaka kukaa meza yetu. Makongolosi akatafuta bodaboda mbili, yake ikafuata yangu kwenye vumbi mpaka mlangoni kwa dada.

Dada alitoka na Upendo mgongoni, shemeji yuko shimoni. Kabla ya salamu akauliza, "Kadi?" Nikatoa kadi kwenye bahasha. Shija akachungulia begani kwangu. Alitazama muda mrefu picha ya mzani na mtoto iliyo juu yake.

"Ni ya kliniki," akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Kisha akanusa. "Na imelewa."

Ilibidi nieleze, na walikuwa watatu ukimhesabu Upendo, ikanitoa jasho. Nilidhani Shija atadai wali wake. Badala yake alikaa kwenye ndoo na kujikuna kichwa. Na yeye ana mtoto wa miezi kumi. Walihama kutoka Geita, kadi ikabaki huko, na mkewe haendi kliniki kwa sababu ile ile, ataulizwa kadi.

"Kesho twende wote," dada akamwambia. "Akisemwa, tutasemwa wawili."

Zahanati

Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye benchi la zahanati. Tulikuta wamama wawili. Dada na Upendo walikuwa wa tatu, na mke wa Shija akaja na mwanawe wakawa wa nne. Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipokea kadi ya Upendo, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena akinusa.

"Hii imetoka kliniki au kilabuni?"

Wamama wakaangua kicheko. Dada akaniangalia mimi. Nikaangalia mzani.

"Na huyu kadi yake iko wapi?" nesi akamuuliza mke wa Shija.

"Ilibaki Geita, nesi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nakuandikia nyingine." Akavuta kadi mpya kwenye droo, akaandika. Haikufika dakika mbili.

Dada alifungua mdomo. "Kumbe bila kadi unachanja?"

"Nani alikwambia sichanji?"

"Wanawake wa bombani."

"Basi nendeni mkachanjwe bombani," nesi akasema.

Jamani, nimepanda basi, nimelowa, nimeitwa baba mbaya kutoka Igawa hadi Mbeya, na kadi yenyewe inaandikwa kwa dakika mbili. Nilitaka kukaa chini. Lakini nesi alikuwa hajamaliza.

"Tatizo langu si kadi," akasema. Akafungua kiboksi cha baridi, akatuonyesha kichupa kidogo kama kidole gumba. "Chupa hii ni ya watoto kumi. Ni unga, nachanganya na maji yake. Nikishachanganya, saa sita zikipita namwaga kilichobaki. Ninyi mko wanne. Nikifungua leo, sita wa kumwaga, na nimeletewa chupa chache. Mje Alhamisi ijayo, mje wengi."

Mama mmoja wa benchini akainuka na mwanawe. "Mimi hii mara ya tatu naambiwa niende nije," akasema. "Sirudi tena."

Dada alimshika Upendo akawa kama anamficha. Alhamisi ijayo ni siku saba, na mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa bado anakohoa.

"Nesi," dada akasema, "wakipatikana sita leo?"

"Nipo mpaka saa nane."

Dada hakuweza kuzunguka na mtoto kwenye jua lile. Alimshika yule mama asiondoke, kisha akanipa kadi kama ushahidi, akanisukuma kidogo mgongoni.

Kutafuta Watoto Sita

Mlango wa kwanza nilisimama bila kubisha, nikitunga sentensi. Mlango ukafunguka wenyewe. Mwanamke akanitazama, akanusa.

"Saa tatu asubuhi umeshalewa? Ondoka!"

Mlango wa pili nilijitahidi kuanza haraka kabla sijanuswa. Nikainua kadi nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya mtoto." Yule mama akaita ndani, "Baba Zawadi! Kuna mtu hapa anasema amekuja kwa ajili ya mtoto!" Akatoka mwanaume na sururu.

Nilikimbia mpaka kwa Shija, nikamkuta anapiga mswaki. Nilimwomba anisindikize. Alikataa, ana zamu shimoni, lakini alinifundisha. "Ukifika, anza na salamu. Halafu sema surua. Neno surua kila mtu analifahamu huku. Mambo ya kadi achana nayo."

Nikarudi kwa Baba Zawadi, nikasimama mbali kidogo ya sururu. Nikasalimia. Nikasema surua ipo nyumba zile pale, na nesi anangoja watoto sita ili afungue chupa. Akashusha sururu.

"Mbona hukusema hivyo?" Akamgeukia mkewe. "Mimi ndiye nilikataza. Alichomwa ile ya mwanzo akapata homa usiku mzima, nikasema sindano basi." Alifikiri kidogo. "Surua ni homa kubwa zaidi. Mpeleke."

Kwenye mawe, wanapoponda kwa nyundo kupeleka karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wamama watatu walikuwa na watoto chini ya turubai. Wao walijua kliniki ni Alhamisi. Ila gari la kuchukua mawe nalo linakuja Alhamisi, na asiyekuwepo mawe yake yanabaki. Nilikwama hapo. Nikachukua nyundo nikaanza kuponda. Walicheka.

"Anapiga kama anashona kiatu!"

Lakini mmoja akasema, "Basi mbaki wewe na mama mkwe wangu hapa, gari likija mwambie dereva mawe haya ni ya nani. Utaweza kuongea na dereva?"

Nikasema nitaweza. Gari lilikuja, nikaongea na dereva. Kama yule wa Igawa angenisikia!

Zawadi na hao watatu wakawa wanne, na wa tano nilimpata mlango uliofuata, mama yake akakubali kwa neno surua tu. Kwa wa sita nikapata bibi mmoja aliyekuwa anapembua mchele. Mjukuu wake alirudishwa mara mbili kwa sababu watoto hawakutimia.

"Mara ya tatu miguu ikakataa," akasema. "Leo wametimia?"

"Bado mmoja, bibi. Ni wako."

Bibi akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na mwingine kifuani. "Ni mapacha," akasema.

Chupa ya Pili

Tulipofika, nesi alihesabu wanawake benchini, wakatimia kumi, akachanganya ile dawa. Wamama wa mawe walikuwa na haraka, dada akawapisha. Bibi amechoka, dada akampisha. Mke wa Baba Zawadi akasema mumewe anaweza kubadili mawazo, dada akampisha. Nyumbani kwetu tumelelewa hivyo, mnajua. Nami nilikuwa nje nanawa vumbi, sikuhesabu.

Nesi alimchoma pacha wa pili, akaweka kichupa pembeni.

"Kumi. Nani amebaki?"

Amebaki Upendo.

Wanne na saba ni kumi na mmoja. Mimi mwenyewe nimewaleta, mmoja kuzidi.

"Wa kumi na moja atasubiri Alhamisi," nesi akasema, tayari anafunga kiboksi. Dada akaanza kumfunga Upendo mgongoni. Na mimi nikasikia ule ukimya wa Igawa unakuja, dereva anapiga tairi na rungu, nami nimefunga mdomo.

"Nesi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mapacha wakaanza kulia. "Nimetoka Iringa. Nimelowa njiani, nimesemwa na basi zima, nimeponda mawe. Watoto hawa nimewaita mimi, na huyu ndiye niliyemjia. Fungua nyingine. Tisa waliobaki nitawaleta."

Wote walinitazama. Walikuwa zaidi ya ishirini, ukiweka na watoto.

Nesi alishusha miwani. "Kumbe unaongea." Akachukua kichupa kingine, akachanganya. Akamchoma Upendo kwenye mkono wa kushoto. Upendo alinitazama mimi badala ya nesi, kama anayejua wa kumlaumu, halafu akapiga kelele zilizofika Makongolosi.

"Nimefungua," nesi akaniambia. "Usinitie aibu. Nenda."

Sikwenda peke yangu. Yule mama aliyetaka kuondoka alikimbilia kwa wifi yake, wamama wa mawe wakatuma habari karasha, bibi akawa anaita kutoka benchini kila anayepita. Mwenye mlango wa kwanza, aliyenifukuza, alikuja mwenyewe na mwanawe, akiziba pua kwa mzaha. Ilipofika saa nane tulikuwa na saba.

Nesi alimwaga sehemu ya wawili mbele yangu. "Hawa wawili ni wako," akasema. "Ukija tena Makongolosi, uje nao." Wamama wakashangilia. Ninyi mnaojua kwamba sijawahi hata kumsalimia binti wa duka la nyuzi, nyamazeni.

Kurudi

Njia ya kurudi haina la kusimulia. Uyole nilishuka kumpa habari mama yule, akanilisha tena mpaka nikashindwa kuinama kufunga kamba. Upendo alipata homa kidogo siku moja, kisha akaendelea kutupa uji chini kama kawaida.

Nilipoingia nyumbani mama alikuwa anafua.

"Ulanzi ulifika?" akauliza. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

"Ulifika, mama."

"Anjela aliufurahia?"

"Ulifika kwenye kadi."

Aliacha kufua, akanitazama. Safari hii sikutazama kiatu. Nikamweleza yote, tangu kifuniko mpaka chupa ya pili, na alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Na hiyo kadi," akasema mwisho, "bado inasomeka? Akifikisha mwaka na nusu anachomwa tena."

"Nesi ameandika tarehe. Inasomeka, mama," nikamwambia. "Na isiposomeka, inanusika."